CHEMIROCHA: MIPAKA YA LUGHA, YA SANTURI NA YA UTAWALA KATIKA WIMBO MMOJA WA KAPKATET

1. Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuuzungumzia ubunifu kana kwamba ni ndege: mpe anga ataruka, mtie tunduni atanyamaza. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970 ulijengwa, kwa upande mmoja, juu ya imani hiyo, na kwa upande wa pili juu ya kinyume chake. Wale waliosimama na Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi kilitoka mwaka 1954, waliona kwamba vina na mizani ndivyo vinavyolifanya shairi liwe shairi. Wale waliofuata njia ya Euphrase Kezilahabi baada ya kutoka kwa Kichomi mwaka 1974 waliona kwamba vina na mizani ni pingu. Pande zote mbili, hata hivyo, zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka: kwamba sharti ni kitu cha aina moja, na lililobaki ni kuamua kama lafaa au halifai.

Swali hilo limerudi siku hizi kwa sura nyingine. Vipindi vya mazungumzo vya usiku katika televisheni vimezungukwa na masharti kila upande: meza ya mwenyeji na kiti cha mgeni visivyobadilika, muda uliokatwakatwa na matangazo ya biashara, na, nchini Kenya, kanuni za utangazaji zinazotaka mambo ya watu wazima yangoje hadi saa nne usiku. Wapo wasemao kwamba uchangamfu wote wa vipindi hivyo unatokana na kubanwa huko. Huenda ni kweli. Lakini katika kipindi cha televisheni masharti yamesukana mno, hata ni vigumu kulitenga moja na kulipima kazi yake.

Kwa sababu hiyo tumechagua mfano mdogo, wa zamani kidogo, ambao nyuzi zake zinaweza kufumuliwa. Nao ni wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uliorekodiwa Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, mwaka 1950, na unaojulikana kwa jina la Chemirocha. Wimbo huo, kama kilivyo kipindi cha usiku, una wenyeji, una mgeni mashuhuri anayekaribishwa mbele ya hadhira, na una mtambo unaopima muda. Tofauti ni kwamba mgeni huyo hakuwahi kufika.

Tutajaribu kuonyesha kwamba wimbo huu umeumbwa na masharti ya aina tatu: la lugha, la mtambo, na la utawala, kwamba mawili ya kwanza yaliuzalisha wimbo, na la tatu liliufunika, na kwamba mhakiki asiyetofautisha masharti haya atajikuta, bila kukusudia, akimsifu mlinzi wa gereza kwa mashairi ya mfungwa.

2. Wimbo na mahali pake

Kapkatet iko Bureti, katika sehemu ya kusini ya Kericho inayopakana na Bomet. Mwaka 1950 nchi hii yote ilikuwa wilaya moja ya Kericho. Bomet ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Tangu miaka ya 1920 kampuni za Uingereza zilikuwa zimepanda chai katika ardhi iliyotwaliwa kwa wenyeji, na kuleta wafanyakazi kutoka sehemu nyingine za nchi, wakae katika kambi zilizopangwa kwa mistari. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa waganga na waaguzi wa Kikipsigis, ikawapeleka Gwassi, kandokando ya Ziwa Victoria. Yafaa tukumbuke haya kabla ya kusikiliza wimbo, maana waimbaji wetu walizaliwa na kukua katika miaka hiyo.

Pamoja na chai, dini na kodi, kilikuja pia kinanda cha santuri. Miongoni mwa sauti zilizofika kwa kinanda hicho ni ya Mmarekani Jimmie Rodgers. Huyu alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli, akaanza kurekodi nyimbo mwezi Agosti 1927, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Katika miaka hiyo sita alirekodi nyimbo zaidi ya mia moja. Sifa yake kubwa ilikuwa namna ya kuikatiza sauti: alikuwa akiimba kwa sauti ya kifua, kisha ghafula akairusha juu mpaka sauti ya kichwa, bila maneno, na kuirudisha tena chini. Hakukanyaga Afrika.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao yake Afrika ya Kusini, alipita Afrika ya Mashariki akirekodi muziki. Tracey hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1936 hadi 1947 alikuwa amesimamia studio za utangazaji za Natal; na mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo tangu 1978 imekuwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Huko Kapkatet alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Ya tatu, ndiyo inayotuhusu hapa, iliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa kinubi kiitwacho chepkong. Ni wimbo mfupi. Kiongozi hutoa, wenziwe hupokea, na kinubi hurudia mdundo wake chini yao.

Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha ni Jimmie Rodgers mwenyewe. Wasichana wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, na wanamhimiza acheze ngoma ya kuruka ya Wakipsigis kwa nguvu hata achomoke katika nguo zake. Tracey aliona hapo mungu wa kienyeji wa mfano wa Pan wa Wayunani wa kale. Maelezo hayo ni ya sentensi chache tu. Na hadi leo karibu kila anayeuandika wimbo huu huanzia hapo na kuishia hapo.

3. Sharti la lugha

Na tuanze na jina, maana ndilo lililotangulia kupita katika chujio.

Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, hakitofautishi konsonanti ghuna na zisizo ghuna kwa maana. Kina p, t, ch na k; hakina b, d, j na g zinazosimama peke yake na kubadili maana ya neno. Vilevile hakina z. Kwa hiyo j ya Jimmie na ile iliyo katikati ya Rodgers hazikuwa na mlango mwingine wa kuingilia ila ch. Na z ya mwisho, isiyokuwa na mahali, ikaanguka. R ya mwisho haikuhitaji kuanguka kwa yule aliyelisikia jina katika matamshi ya Mwingereza, kwa kuwa Mwingereza mwenyewe haitamki. Mpaka hapa hatuna zaidi ya utohozi wa kawaida, ule ule unaolifanya neno la Kiingereza livae irabu mwishoni linapoingia katika Kiswahili.

Lakini sauti peke yake ingetupa Chimirocha. Kikalenjin kina irabu i, tena ya namna mbili, iliyokazwa na iliyolegea. Kwa nini basi tuna Che- mwanzoni? Mtu anaweza kujibu kwamba i fupi ya Kiingereza imelegea, na sikio laweza kuipokea kama e. Au kwamba tahajia hii ni ya mgeni aliyeandika alivyosikia. Majibu hayo yana uzito wake. Hata hivyo, twaona kwamba kuna nguvu nyingine iliyolivuta jina upande huo, nayo ni mofolojia. Che-, pamoja na Chep-, ni kiambishi kilichotapakaa katika majina ya Kikalenjin. Kinasimama mkabala wa Kip- katika majina ya watu: Chebet na Kibet, Cherono na Kiprono, Chelangat na Kiplangat. Hakiwahusu wanawake peke yao, kwa kuwa tuna wanaume waitwao Cheruiyot. Lakini sikio la Mkipsigis lisikiapo Che- hutarajia jina, si mfuatano wa sauti tu. Jimmie alipofika mlangoni alikuta kiti tayari, akakalishwa. Kiongozi wa wimbo aliitwa Chemutoi; mgeni wake akawa Chemirocha. Kwa masikio ya mwenyeji ni majina ya nyumba moja.

Kiambishi hiki kina ujamaa mwingine. Hakipatikani katika majina ya watu tu bali hata ya vitu na viumbe: kinubi chenyewe ni chepkong. Na kiumbe maarufu kuliko wote katika hadithi za watu hawa ni Chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, anamweleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Watoto wa Kikipsigis nao wamemjua na kumwogopa, kama watoto wa pwani wanavyoogopa zimwi.

Pendekezo letu ni kwamba unusu-mtu wa Chemirocha haukutoka mbali. Jina lililoanza kwa Chem-, la kiumbe asiyeonekana, mwenye sauti ngeni inayotoka mahali pasipojulikana, lilikuwa tayari limesimama karibu na Chemosit kabla ya msichana yeyote kufumbua kinywa. Lugha ilimnyima Jimmie Rodgers jina lake la Kimarekani, na kwa kumnyima ikampa nasaba.

Hatusemi kwamba Chemirocha ni Chemosit. Tofauti zao ndizo zenye maana. Chemosit ana mguu mmoja. Chemirocha ana miguu ya swala, mnyama mwepesi na mzuri wa kuruka. Chemosit hula watu, na watu humkimbia. Chemirocha huitwa aje uwanjani. Wasichana wamelichukua umbo la kutisha, wakalivua utisho wake, wakalifanya mchezaji mwenzao. Kazi ya sanaa iko katika badiliko hilo, wala si katika kufananisha kwenyewe. Na badiliko hilo lisingewezekana kama lugha isingekuwa imelazimisha ufananisho kwanza.

4. Sharti la mtambo

Sharti la pili ni la mtambo, nalo lina sehemu mbili: muda, na kukosekana kwa mwili.

Kuhusu muda si lazima kusema mengi. Santuri ya zama hizo, ya inchi kumi na mizunguko 78 kwa dakika, ilichukua takribani dakika tatu kwa upande mmoja. Jimmie Rodgers alitunga ndani ya kipimo hicho: beti chache, kiitikio cha sauti ya kurushwa, beti nyingine, basi. Tracey naye alirekodi ndani ya kipimo hicho hicho, kwa kuwa santuri ndiyo njia iliyokuwapo ya kuzifikisha nyimbo kwa watu. Hivyo wimbo wa ngoma, ambao uwanjani huenda kadiri wachezaji wanavyotaka, ukalazimika kuwa na mwanzo na mwisho wa kupangwa. Kilichorekodiwa Kapkatet si ngoma. Ni kiini cha ngoma. Pana kejeli ya aina yake katika jambo hili: kipimo kilichokatwa na wafanyabiashara wa Marekani kiliuumba wimbo wa Rodgers, wimbo wa Rodgers ukazaa wimbo wa Kapkatet, na wimbo wa Kapkatet nao ukakatwa kwa kipimo kile kile.

Sehemu ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi. Katika fasihi simulizi ya Wakipsigis, kama ilivyo kwa jamii zote za Afrika ya Mashariki, sauti haitengani na mtu. Anayeimba anaonekana, anayeonekana ana ukoo, rika na kijiji, na wimbo hauko mbali na miguu ya anayecheza. Santuri ilivunja ushirika huo. Ilileta sauti ikauzuia mwili. Tena, kwa msikilizaji asiyejua Kiingereza, ilizuia hata maneno. Kilichobaki ni gitaa na sauti, na katika sauti hiyo jambo moja lisilohitaji tafsiri: kule kuruka kwake kutoka kifuani hadi kichwani.

Msikilizaji aliyenyimwa mwili ana njia mbili. Anaweza kukubali upungufu, au anaweza kuujaza. Wasichana wa Kapkatet waliujaza, tena kwa mantiki isiyo na kasoro. Sauti irukayo yataka mwili urukao. Na katika nchi yao nani arukaye? Ni swala mbugani, na ni mchezaji uwanjani. Wakamwunganisha huyu na yule. Miguu ya swala, kwa maoni yetu, haikuwa ndoto ya kitoto wala kumbukumbu ya mungu wa kale. Ilikuwa tafsiri ya mbinu ya uimbaji kuwa umbo. Mhakiki wa muziki angeandika kurasa kadhaa kuieleza sauti ya Rodgers. Wao waliieleza kwa miguu miwili.

Hapa ndipo mlinganisho wetu na televisheni unapofaa. Mtangazaji wa redio humwachia msikilizaji kazi ya kumwumba. Mtangazaji wa televisheni huja na sura yake, suti yake na kiti chake, na mtazamaji hana la kuongeza. Laiti Jimmie Rodgers angefika Kericho kwa filamu, watu wangemwona mwanamume mwembamba mwenye kofia na gitaa, wangempenda au wangemcheka, na pasingekuwa na Chemirocha. Mtambo ulichozuia ndicho kilichofungua mlango.

5. Mgeni anayeitwa

Kabla ya kufikia sharti la tatu, inafaa tuyatazame maudhui, kwa kuwa yamepuuzwa mno na wale wanaovutiwa na kioja cha jina.

Wimbo ni mwaliko. Mgeni haombwi aimbe, ingawa uimbaji ndio uliomletea sifa. Anaambiwa acheze, tena ngoma ya wenyeji, kwa kanuni za wenyeji. Katika nchi ambayo kila Mzungu aliyekuja alikuwa na amri ya kutoa, iwe juu ya ardhi, kodi, kazi au nguo, wasichana hawa wamemgeuza mmoja wao kuwa mwenye kuamriwa. Ruka, wanamwambia, na kipimo cha kuruka vizuri ni kuchomoka katika nguo.

Nguo hizo si jambo dogo. Mavazi ya kizungu yalikuwa alama ya misheni, ya shule na ya ofisi. Aliyeyavaa alijitenga na aliyevaa ngozi. Kumtaka mgeni achezee hadi nguo zimvuke ni kumtaka avue ile tofauti. Kuna utani wa kike ndani yake, maana ni wasichana wanaosema hayo juu ya mwanamume, na wahenga wao wangetabasamu. Lakini kuna pia kauli. Akishavuliwa nguo, mgeni anabaki na miguu yake ya swala, yaani anakuwa kiumbe wa nchi hii. Dhihaka na ukaribisho vimetiwa katika chungu kimoja, na anayetaka kuvitenganisha ataumwaga mchuzi.

6. Sharti la utawala

Sharti la tatu halikuuzalisha wimbo. Lilikuja baada yake, likaamua namna utakavyosikiwa.

Kwanza ni yale maelezo. Tracey alikuwa na nafasi ya sentensi chache, akalazimika kuchagua, akamchagua Pan. Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi, aliwashutumu wataalamu hao kwa kuivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Hatuoni mfano ulio wazi kuliko huu. Msomaji wa Ulaya akisoma Pan anatosheka. Amelipata kabati la kukiweka kitu hicho, hana haja ya kuuliza kama Wakipsigis wana viumbe wao nusu mtu. Chemosit alikuwa ameandikwa tangu mwaka 1909, katika kitabu cha ofisa wa serikali ile ile, naye hakutajwa. Tena Pan ni mungu, na kwa hiyo wasichana wakageuka kuwa waabudu. Mwaliko wenye dhihaka ukasomwa kama ibada. Kwa neno moja la kigeni, watunzi waliofahamu wanachokifanya wamekuwa watu wasiojua tofauti ya santuri na mzimu.

Pili ni majina. Chemutoi Ketienya ametajwa. Wenziwe ni wasichana wa Kikipsigis, basi. Jimmie Rodgers, ambaye hakujua kwamba Kapkatet ipo, anajulikana kwa jina, kazi, ugonjwa na tarehe ya kufa. Waliomfanya kiumbe kipya hawajulikani kwa zaidi ya kabila na jinsia.

Tatu ni mahali pa kuwekwa. Kwa muda wa miaka mingi sauti hizi zilikaa Afrika ya Kusini na katika makusanyo ya wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, huku vijana wa Kapkatet wakikua bila kuzisikia. Ni mwaka 2015, yaani baada ya miaka 65, ambapo nakala zilirudishwa Kapkatet kwa juhudi za maktaba ile aliyoianzisha Tracey pamoja na Ketebul Music ya Nairobi. Kurudi huko ni jambo la kushukuriwa. Lakini wimbo ulirudi ukiwa umevaa lebo yake, na lebo hiyo haijabanduka.

Haki yataka tuseme pia upande wa pili. Bila Tracey tusingekuwa na wimbo wa kuhakiki. Alizunguka Afrika akirekodi wakati ambapo wakuu wengi wa misheni na serikali waliona ngoma za wenyeji kuwa kelele, na alizithamini kwa dhati. Kosa tunalolionyesha si la mtu mwenye nia mbaya. Ni kosa la mamlaka: la yule aliye na kipaza sauti, kalamu na kabati, kudhani kwamba sentensi zake chache zimetosha.

7. Mapingamizi

Twategemea mapingamizi mawili.

La kwanza ni kwamba tumeutwisha wimbo wa wasichana mzigo usiouweza. Kwamba ni mchezo tu, na Chemirocha ni jina lililosikiwa vibaya. Jibu letu ni kwamba kusikia vibaya kungezaa upungufu, hali kilichozaliwa hapa ni ziada. Aliyekosea hupungukiwa na kitu. Hawa wamepewa sauti moja wakarudisha jina, umbo, tendo na kicheko, kila kimoja kikifuata kanuni ya lugha yao au ya ngoma yao. Kuhusu mchezo, ni kweli. Lakini tangu idara zetu zilipobadili mitaala kufuatia hoja waliyoitoa Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba huko Nairobi mwaka 1968, hatuna tena ruhusa ya kuita fasihi simulizi mchezo kwa maana ya kuidharau.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: ikiwa masharti huzaa sanaa, je, ukoloni nao haukuwa mkunga? Bila kinanda cha mkoloni, Chemirocha angetoka wapi? Na tukienda mbali zaidi: Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, Ngũgĩ naye aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ katika karatasi za namna hiyo alipofungwa Kamĩtĩ mwaka 1978. Je, tulishukuru gereza?

Nchi ya chai yenyewe inatupa jibu. Mchai ukiachwa ukue upendavyo huwa mti mrefu. Hupogolewa kila baada ya miaka kadhaa usizidi kiuno cha mchumaji, na mchumaji naye amefungwa na sharti la majani mawili na chipukizi lake. Chai nzuri hutokana na masharti hayo. Hakuna anayelibisha hilo. Lakini mchai hauupogoi mwili wake, wala haunywi chai. Sharti hilo ni kwa faida ya mwingine. Vina na mizani, kinyume chake, ni masharti ambayo mtunzi ameyapokea kwa jamii yake na anayatumia kwa faida ya utungo wake. Kadhalika fonolojia ya Kikipsigis haikumwekea Chemutoi mpaka ambao hakuwa ameurithi kwa mama yake. Na mtambo hauna nia. Una kimo chake tu, kama mlango mfupi.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba sharti la lugha ni la ndani na lina rutuba. Sharti la mtambo ni la nje lakini halina mwenyewe, nalo linakuwa na rutuba pale tu linapokutana na lile la ndani. Sharti la utawala ni la nje na lina mwenyewe, na sanaa inayotokea chini yake hutokea dhidi yake. Mashairi ya Abdilatif hayakuzaliwa na gereza. Yalizaliwa na utenzi na shairi la Mombasa alilokwenda nalo gerezani, na ambalo askari hawakuweza kumpokonya mlangoni. Vivyo hivyo Kapkatet: kinanda kingeweza kulia huko miaka mia bila kuzaa kitu, lau wasichana wasingekuwa na Che-, na swala, na ngoma ya kuruka.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wimbo wa Chemirocha si kioja cha Waafrika waliosikia santuri wakashangaa. Ni utungo ambao kila sehemu yake ya ajabu ina sababu: jina limetokana na mipaka ya sauti na mvuto wa kiambishi, umbo limetokana na sauti iliyofika bila mwili, ufupi umetokana na santuri, na dhihaka imetokana na nafasi ya wasichana hao katika nchi iliyokuwa ikiamriwa na wageni. Kisichokuwa na sababu ndani ya wimbo ni Pan peke yake.

Kazi iliyobaki ni ya idara zetu. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko katika nchi hiyo hiyo ya Kericho, na wanafunzi wake wengi ni wasemaji wa lugha ya wimbo. Inafaa maneno ya nyimbo zote tatu yaandikwe upya kwa tahajia ya Kikipsigis na wenyewe, yatiwe alama za toni na za irabu zilizokazwa na zilizolegea, na yafasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja bila kupitia sentensi za mwaka 1950. Hapo ndipo pendekezo letu juu ya Chemosit litakapothibitishwa au kutupwa, na tutafurahi kwa lolote litakalokuwa. Inafaa pia wazee wa Bureti waulizwe majina ya waliopokea alipotoa Chemutoi, maadamu wapo wanaokumbuka. Idadi yao inapungua kila mwaka, na jambo hili, tofauti na mengi tunayoyajadili katika kurasa hizi, haliwezi kungoja toleo lijalo.